Kwa Mwoga Kicheko: Shigeru Mizuki, Vita na Mazimwi Yake

Ukitaka kumwelewa Shigeru Mizuki, mchoraji wa manga, yaani katuni za vitabuni za Kijapani, mweke pembeni kwanza Kitaro, yule mtoto-zimwi wake wa makaburini. Najua ni vigumu, maana Kitaro ndiye aliyempa jina, nyumba na sanamu za mitaani. Lakini siri ya mchoraji huyu ameibeba yule anayetembea nyuma ya Kitaro: Nezumi Otoko, Mtu-Panya, nusu binadamu nusu zimwi. Kanzu ni moja, chafu, mwaka hadi mwaka. Kuoga hajui. Midomo imechomoza, masharubu ni ya kuhesabu. Pesa akiisikia harufu anasahau undugu; atamsaliti rafiki yake asubuhi, jioni atarudi kuomba radhi, na kesho yake atamsaliti tena. Hatari ikitokea, wa kwanza kutoka nduki ni yeye. Na huyu ndiye Mizuki aliyemkabidhi kazi nzito kuliko zote alizowahi kumpa mhusika yeyote: kuwasimulia Wajapani historia ya vita vyao.

Hakuchaguliwa kwa bahati. Mizuki, anayeuzwa leo kama babu mpole wa hadithi za mazimwi, alitumia zaidi ya nusu karne kumtetea mtu aliyekula kona. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi methali hiyo tunaitaja bila kutazama nyuma. Katika Japani ya mwaka 1944, askari aliyeitaja mbele ya mkubwa wake angejuta. Mizuki alikuwa ndiye mwoga wa methali, na alikuwa na hesabu kamili ya kilio alichokikwepa.

Alizaliwa Osaka tarehe 8 Machi 1922, jina lake halisi Shigeru Mura, akakulia Sakaiminato, mji wa wavuvi katika mkoa wa Tottori, upande wa Bahari ya Japani. Nyumbani kwao alikuwa akija kusaidia kazi bibi mmoja maskini, Fusa Kageyama, ambaye watoto walimwita NonNonBa. Bibi huyu alijua kila kiumbe kinachoishi mahali ambapo taa haifiki. Yokai, ndivyo Wajapani wanavyowaita. Mimi nitasema mazimwi, ingawa wengine wao hawana ubaya wowote. Madoa yale kwenye dari? Ni ya tenjoname, zimwi lenye ulimi mrefu ambalo huja usiku kulamba dari. Mtoto akainua macho, akayaona madoa, na kwake kesi ikawa imekwisha. Wenzake walikua wakayasahau. Yeye aliyachukulia kwa uzito ule ule mpaka kufa, na mwaka 1977 akamwandikia bibi yule kitabu kizima, ambacho baadaye alikigeuza manga. Tafsiri yake ya Kifaransa ilitwaa tuzo ya albamu bora katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2007, na hakuna manga iliyokuwa imewahi kuipata kabla yake.

Shuleni alikuwa wa kuchelewa, kazini wa kufukuzwa. Alichokimudu ni kula, kulala na kuchora.

Jeshi lilimchukua mwaka 1943. Likampa tarumbeta, akashindwa kuipuliza. Alipozidi kuomba aondolewe kwenye kazi hiyo aliulizwa anapenda nini, kaskazini au kusini, naye akajibu kusini kwa sababu baridi hakuipenda. Kusini yenyewe ikawa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, nchi tunayoiita leo Papua New Guinea. Meli iliyowapeleka ilikuwa Shinano Maru, ile ile iliyoziona manowari za Urusi mwaka 1905 kabla ya mapigano ya Tsushima. Hapo mtu anaweza kucheka kwa uchungu: dola lililojigamba kuitawala Pasifiki lilikuwa likiwasafirisha vijana wake kwa chombo cha enzi za babu zao.

Kuruta katika jeshi lile alizabwa makofi kila siku: kwa kuchelewa, kwa kuwahi, kwa kujibu, kwa kunyamaza. Mizuki, ambaye utii haukuwamo katika damu yake, alizabwa kuliko wengi. Miaka mingi baadaye, alipotafuta namna ya kuyaweka makofi hayo kwenye karatasi, aliyapa mlio wake: bibibibin, herufi nene zinazokata fremu, shavu limepinda, kichwa kimegeukia upande wa pili. Fungua Soin Gyokusai Seyo!, manga yake ya vita ya mwaka 1973, utaukuta mlio huo juu ya makuruta. Fungua Kitaro, ya watoto, utaukuta tena, safari hii juu ya mashavu ya Nezumi Otoko, na watoto wanavunjika mbavu. Kofi ni lile lile, limehama tu kutoka kambini kwenda makaburini. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaozigawa kazi zake mafungu mawili, la vita huku na la mazimwi kule, kana kwamba ziliandikwa na watu wawili.

Mwaka 1944 alipelekwa kwenye kituo kidogo cha mbele, Baien. Alfajiri moja zamu ya ulinzi ilikuwa yake. Kwa simulizi lake mwenyewe, alikuwa na darubini, na badala ya kuendelea kuichunguza bahari akawa anawatazama kasuku. Walikuwa wazuri, akakawia kurudi kuwaamsha wenzake. Risasi zikaanza kulia, na wote waliokuwa wamelala wakauawa. Yeye alijitosa baharini, akaogelea, akapenya msitu akiwindwa, na alipofika kikosini alikuwa karibu uchi. Ofisa wake hakumpa pole. Alimuuliza kwa nini amerudi hai na wenzake wamekufa, akamwambia na yeye ajiandae kufa. Baadaye, akiwa amelazwa kwa malaria, ndege za adui zikashambulia na bomu likamharibu mkono wa kushoto. Ukakatwa huko huko kisiwani.

Swali lile la ofisa lina jibu, na jibu lake ni kazi yote ya Mizuki. Kwa nini umerudi? Kwa sababu kasuku walikuwa wazuri. Kwa sababu kufa hakuna faida kwa aliyekufa. Hakulijibu siku ile, kwa kuwa kujibu kulikuwa na bibibibin yake. Alilijibu kwa wino, tena kwa mtu wa kanzu chafu ambaye kila hadithi inapofikia pahala pa kufa kishujaa anakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Hata mazimwi wenyewe walimfuata huko vitani. Katika usiku wa kukimbia, anasimulia, alifika mahali gizani akazuiwa na kitu asichokiona, kama ukuta laini usio na mwanzo wala mwisho. Akakaa chini kupumzika, na aliponyanyuka njia ilikuwa wazi. Baadaye alikuja kukutana na nurikabe katika maandishi ya Kunio Yanagita, mwanazuoni wa mila za Japani, aliyekuwa ameandika sentensi chache tu kuhusu ukuta usioonekana unaowazuia wasafiri wa usiku huko Kyushu. Sentensi tu, bila picha. Mizuki akaupa ukuta huo macho mawili madogo, miguu mifupi na tabia ya mlinzi asiyesema sana. Alifanya vivyo hivyo kwa Ittan Momen, kitambaa kinachoruka, na kwa Konaki Jiji, mzee anayelia kama mtoto mchanga na kuwa mzito kama jiwe ukimbeba. Sura ambazo Wajapani leo wanadhani zimekuwapo tangu enzi na enzi, nyingi zilitoka kwenye kalamu ya mtu wa mkono mmoja katika miaka ya 1960. Kijana anayefuatilia katuni za mazimwi kama Demon Slayer au Jujutsu Kaisen kwenye simu yake anapita njia iliyofyekwa na mzee huyu, ajue asijue.

Vita vilipoisha alitaka kubaki kule kule. Karibu na Rabaul wanaishi Watolai, na wakati akiuguza kidonda chake alizoea kwenda kijijini kwao kula matunda na kukaa. Walimpenda, wakamwahidi shamba, nyumba na mke. Alishauriwa arudi kwanza Japani awaone wazazi. Akaondoka akiahidi kurejea baada ya miaka saba. Alirejea baada ya zaidi ya 20, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na urafiki wake na mtu mmoja wa kijiji hicho, Topetro, aliuandikia kitabu. Nitarudi kwa Watolai, maana hapo pana jambo linalonikera.

Baada ya 1946 maisha yake yalikuwa ya kubangaiza. Aliuza samaki, akasoma shule ya sanaa bila kuimaliza, akaendesha biashara ya teksi ya baiskeli, akanunua kwa mkopo jengo la kupangisha huko Kobe katika mtaa wa Mizuki, ambao ndio uliompa jina la kazi. Mpangaji mmoja akamfungulia njia ya kamishibai, yale maonyesho ya barabarani ambapo msimulizi anasimamisha sanduku juu ya baiskeli, anabadilisha picha moja baada ya nyingine na kuwauzia watoto peremende. Mizuki akawa mchoraji wa picha hizo. Televisheni ikaja ikaimaliza kamishibai. Akahamia Tokyo kwenye manga za kukodisha, vitabu vya bei ya chini vilivyokaa madukani na kuazimwa kwa senti chache. Majarida ya kila wiki yakaja yakavimaliza navyo. Kila fani aliyoingia aliikuta inakata roho.

Ni katika vitabu hivyo vya kukodisha, mwaka 1960, ndipo Kitaro wake alipopata umbo tunalolijua. Mtoto huyo hakuwa mali yake peke yake. Hadithi ya mtoto wa makaburini ilikuwapo katika kamishibai tangu miaka ya 1930. Lakini tazama Mizuki alivyomzalisha. Mfanyakazi wa benki ya damu, ambaye mchoraji amempa jina lake mwenyewe, Mizuki, anafuatilia damu ya ajabu iliyoingizwa kwa mgonjwa. Anagundua kwamba majirani zake ni mume na mke wa kizazi cha mwisho cha ukoo wa mazimwi, wagonjwa, wenye njaa. Wote wawili wanafariki. Anamzika mama. Usiku, udongo unatikisika na kitoto kinatambaa kutoka kaburini. Mfanyakazi anakitupa kwa hofu, kinagonga jiwe la kaburi, jicho moja linapotea. Na baba, ambaye mwili wake umeoza, anabaki jicho. Jicho hilo linajing'oa, linaota mikono na miguu, linakwenda kumlea mwanawe. Medama Oyaji, Baba Jicho, anayeoga kwenye bakuli la chai na kuongea kwa sauti nyembamba. Sijui picha nyingine ya upendo wa mzazi iliyo ya kuchukiza na ya kweli kwa pamoja kiasi hicho. Na ni mtu aliyetembea kati ya maiti zilizooza porini pekee ambaye angeichora bila kuipamba.

Haikumletea pesa. Mwaka 1961 wazazi walimtafutia mke, Nunoe, na kutoka siku ya kuonana hadi harusi zilipita siku tano. Bibi harusi alidhani anaolewa na mchoraji wa Tokyo. Alikuta nyumba yenye deni kila pembe. Maofisa wa kodi walifika siku moja wakishuku kwamba mapato yaliyoandikwa ni madogo mno kuwa ya kweli, Mizuki akawatolea rundo la stakabadhi za duka la rehani. Mama huyo aliyaandika haya yote mwaka 2008 katika kumbukumbu zake, na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ikazifanya tamthilia mwaka 2010 iliyotazamwa nchi nzima. Tamthilia hiyo imefanya umaskini ule uonekane mtamu. Haukuwa mtamu.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 43, alichora Terebi-kun, hadithi ya mtoto anayeweza kuingia ndani ya televisheni na kutoka na bidhaa zinazotangazwa kabla hazijafika madukani. Ikapata tuzo ya manga za watoto ya kampuni ya uchapishaji ya Kodansha. Televisheni iliyoiua kamishibai na majarida yaliyoviua vitabu vya kukodisha vikaanza kumlisha siku moja. Kodansha ikampa Kitaro nafasi katika Shonen Magazine. Makaburi yakaondolewa kwenye jina ili wadhamini wa televisheni wasitishike, ikawa GeGeGe no Kitaro, na Januari 1968 katuni ikaanza kurushwa. Gegege lilitokana na utoto wake: alikuwa hawezi kutamka Shigeru, anasema Gegeru. Tangu hapo hadi miaka ya 2010 kila muongo ulikuwa na Kitaro wake wa televisheni: 1968, 1971, 1985, 1996, 2007, 2018. Mwaka 1967 hata Osamu Tezuka, mfalme wa manga asiyependa kupitwa, alitoa Dororo, hadithi yake ya mazimwi.

Hapa nina neno na mashabiki. Kitaro wa televisheni ni mwana mwema anayepambana na mazimwi wabaya ili kuwaokoa binadamu, na kila sehemu inaisha haki imetendeka. Yule wa mwaka 1960 alikuwa na meno yaliyopinda, alivuta sigara, na binadamu walipokwenda kuzimu kwa tamaa zao alicheka tu. Watoto walihitaji shujaa, wahariri wakamtengeneza. Mizuki hakukataa, alikuwa ameshaonja rehani. Lakini ushujaa wenyewe hakuuamini, na kila Kitaro aliposafishwa, uchafu wote uliotolewa kwake ulihamia kwa Nezumi Otoko. Mwandishi mwenyewe alisema wazi kwamba bila Nezumi Otoko hadithi haisogei. Kitaro hana haja yoyote. Hataki pesa, hataki cheo, hali vizuri wala hajali. Ni yule panya anayetaka, anayeogopa na anayeona njaa. Yaani ndiye mtu pekee katika hadithi iliyojaa mazimwi.

Sasa chukua Soin Gyokusai Seyo!. Gyokusai ni kuvunjika kama kito cha thamani. Hivyo ndivyo jeshi lilivyoyapamba mashambulizi ya kufa wote, ambapo kikosi kizima kinaamriwa kukimbilia bunduki za adui kuliko kusalimu amri. Kitabu kinaanza na foleni ndefu ya askari nje ya kibanda cha wanawake waliowekwa kwa ajili yao, muda unakwisha, wanaume wanasukumana. Katika kurasa nyingi baada ya hapo adui hata haonekani. Mmoja anakufa kwa kukabwa na samaki kooni. Mwingine anachukuliwa na mamba. Wengine homa. Wanaobaki wanazabwa makofi, wanachimba, wanatafuta papai. Kisha ofisa kijana aliyejaa hadithi za mashujaa wa kale anaamua kwamba wakati wa kufa vizuri umefika. Baadhi wananusurika, na makao makuu, yaliyokwisha kutangaza kwamba wote wamekufa kwa heshima, yanaona aibu: wafu wamerudi. Suluhisho ni kuwatuma wakafe tena, safari hii kweli.

Mizuki alisema kitabu hicho ni kweli kwa asilimia 90. Asilimia 10 iliyobaki ndiyo inayonisumbua, kwa maana amejiua mwenyewe humo: kuruta Maruyama, ambaye ndiye yeye, anakufa mwishoni pamoja na wote, ingawa katika maisha halisi kuna waliopona na yeye akiwamo. Wengine wanaona ni ufundi tu wa hadithi. Mimi naona ni deni. Alieleza kwamba kila anapochora vita anapandwa na hasira asiyoweza kuizuia, na kudhani labda ni roho za waliokufa zinazomsukuma. Mtu aliyelelewa na NonNonBa akisema roho zinamsukuma, hasemi kwa mafumbo.

Angalia pia mchoro wenyewe. Mtindo wake haukubadilika sana: mandhari imechorwa kwa nukta na mistari maelfu, kila jani na kila jiwe kana kwamba ni picha ya kamera, halafu mbele yake wamesimama watu wepesi, pua kubwa, macho ya duara, wa kuchekesha. Kazi hiyo ya nukta aliwabebesha wasaidizi, na miongoni mwao walipita Yoshiharu Tsuge na Ryoichi Ikegami, ambao kila mmoja alikuja kuwa jina kubwa. Katika Kitaro mchanganyiko huo unafanya dunia ionekane ngumu na ya kweli, na viumbe wake wageni humo. Katika Soin Gyokusai Seyo! anaugeuza kuwa silaha. Kwa mamia ya kurasa askari ni vikatuni. Katika kurasa za mwisho, wakishakufa, wanachorwa kama picha ya kamera: maiti zilizolaliana, kisha mifupa, hakuna maneno. Wakiwa hai walikuwa vichekesho vya wakubwa wao. Wamepata uso wa binadamu walipokuwa maiti. Nimesoma manga nyingi za vita, na sikumbuki nyingine iliyofanya jambo zito kiasi hicho kwa kubadilisha mstari tu.

Jeshi hilo hilo babu zetu walikutana nalo. Mwaka 1944 askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakipigana na Wajapani kwa amri ya Mwingereza. Ukiwafikiria hao unaposoma Mizuki, yule kuruta anayezabwa makofi upande wa pili wa msitu hawi mgeni sana.

Showa, historia yake ya enzi ya Mfalme Hirohito, ilitoka kati ya 1988 na 1989, mfalme akiwa mgonjwa, kisha akiwa kaburini. Mabuku manane. Mizuki anapishanisha habari za taifa na zake mwenyewe: ukurasa huu mabenki yanaanguka, ukurasa ule yeye anakula keki ya kaka yake, huku Manchuria, kule mtihani aliofeli. Na anayesimama kando ya fremu kutueleza nani alimuua waziri gani na jeshi lilijipatiaje nchi ni Nezumi Otoko katika kanzu yake. Wapo waliosema ni mzaha usiofaa. Nani mwingine angefaa? Profesa ana chuo chake, jenerali ana medali zake, mfalme ana kiti. Mtu-Panya hana cha kulinda. Mwaka 1991 Mizuki alimtumia tena katika hadithi fupi kwa watoto wa shule, kuwaambia bila kumung'unya yale majeshi ya Japani yaliyoyafanya China. Wala hakuinusuru nyumba yake: kaka yake mkubwa, ofisa wa mizinga, alihukumiwa kwa kuua mateka akafungwa gereza la Sugamo, na jambo hilo limo kwenye kitabu.

Sasa Watolai. Mizuki aliwapenda kweli, na mji wa Rabaul una barabara yenye jina lake. Lakini katika michoro yake wao ni watu wa peponi: wanacheka, wanalima kidogo, wanalala sana, hawana madeni. Sisi tunaotoka katika nchi zilizokwisha kuchorwa hivyo na wageni wengi tunaijua picha hiyo, na tunajua kinachokatwa nje ya fremu. Japani iliiteka Rabaul, ikazifanya bustani za watu kuwa za jeshi, mabomu ya pande zote mbili yakaangukia vijiji ambavyo havikutangaza vita na mtu. Katika Soin Gyokusai Seyo! wenyeji wenye ardhi karibu hawapo kabisa. Hasira ya Mizuki ni ya askari mdogo dhidi ya ofisa, na ndani ya mipaka hiyo hakuna anayemfikia. Nje yake, kwa mwenye shamba ambalo ofisa na askari wote wawili wamekanyaga, haendi mbali. Kabla ya hapo pia, katika enzi ya vitabu vya kukodisha, alichora vita vya kusisimua kwa watoto kwa sababu hadithi za kushindwa hazikuuzika. Njaa ilimfanya awe Nezumi Otoko halisi, na sidhani angekasirika kuambiwa hivyo.

Falsafa yake ya uzeeni ilikuwa kulala. Alipenda kuwasimulia watu jinsi Tezuka na mchoraji mwenzao Shotaro Ishinomori walivyojisifu kwa kukesha wakifanya kazi, naye akiwaambia analala vizuri. Wote wawili walifariki wakiwa na miaka 60. Yeye alikufa tarehe 30 Novemba 2015 akiwa na miaka 93. Watu huichukulia kama kichekesho cha mzee, lakini katika nchi iliyohama kutoka kufa kwa ajili ya mfalme hadi kufa kwa ajili ya kampuni, huyo ni Mtu-Panya anaongea. Serikali ilimpa nishani, mkoa ukakipa kiwanja cha ndege cha Yonago jina la Kitaro, na Sakaiminato ikajaza barabara sanamu za shaba, zaidi ya 170, watalii wanapigana picha. Hakuna ubaya, mji wa wavuvi umepata kula. Ila mtu anaweza kuitembea barabara yote ile na asijue kwamba palikuwa na Baien.

Kwa sababu hiyo niliipokea vizuri filamu ya mwaka 2023 kuhusu kuzaliwa kwa Kitaro, iliyotolewa kuadhimisha miaka 100 tangu Mizuki azaliwe. Imewekwa mwaka 1956, na yule mfanyakazi wa benki ya damu amefanywa askari aliyenusurika gyokusai, anayetafuta cheo ili asikanyagwe tena. Waliotunga filamu hiyo waliviona vitabu viwili kuwa kimoja. Inapoteza mwelekeo kidogo nusu ya mwisho, kwa mapigano mengi ya kupepesa macho, na Nezumi Otoko kapewa nafasi ndogo kuliko anayostahili. Anayetaka kumsoma Mizuki, kwa Kiingereza au Kifaransa ambako kazi nyingi zimetafsiriwa, aanze na NonNonBa, kisha aende Showa, na Soin Gyokusai Seyo! aifuatishe baada ya hapo. Vipindi vya televisheni vya watoto vinaweza kusubiri.